Maswali na Majibu: Yeti na Taa za Disko

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia sehemu moja: ndani ya pango la Expedition Everest, rolakosta ya Disney's Animal Kingdom kule Florida, ambako Yeti, jitu la manyoya la hadithi za milima ya Himalaya, aliyetengenezwa ili amnyakue abiria amesimama kama kinyago kwa miaka mingi. Tumezijibu pamoja na nyingine chache zinazohusu vifaa vya namna hiyo, likiwemo swali la mwalimu mmoja wa Tanga ambalo limekula nafasi kuliko tulivyopanga.

Wiki nzima kabla ya safari nilimtisha mdogo wangu na habari za Yeti. Tulipofika pangoni, taa zikawa zinawaka na kuzima harakaharaka, na dude limeinua mkono halisogei. Mdogo wangu akaniuliza, "Ndiye huyo?" Je, ndivyo alivyotengenezwa, au tulifika siku mbaya?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Hamkufika siku mbaya, mlifika muongo mbaya. Expedition Everest ilifunguliwa rasmi tarehe 7 Aprili 2006, na wakati huo Yeti alikuwa anasogea kwelikweli. Ni sanamu la mashine lenye urefu wa karibu mita 7 na nusu na uzito wa tani 9 hivi, linalosukumwa na jeki za haidroliki za jamii ileile inayoinua bodi ya tipa, isipokuwa hizi zinaendeshwa na kompyuta. Liliundwa lije mbele kama mita moja na nusu, lipande na kushuka karibu nusu mita, na wakati huohuo mkono ushuke kuelekea vichwa vya abiria. Waliopanda treni miezi ya mwanzo waliona hayo. Halafu mwendo ukasimamishwa, zikafungwa taa, na mashabiki wakampa jina lililomganda mpaka leo: Disco Yeti.

Ujanja wa taa hizo ni huu. Taa ya disko inawaka kwa kipande kidogo sana cha sekunde, inazima, inawaka tena. Jicho linapata picha mojamoja na ubongo unajaza mapengo. Chukua taa inayowaka mara 10 kwa sekunde na treni inayopita kwa mita 15 kwa sekunde: kati ya mwako na mwako abiria amesogea mita moja na nusu. Yeti yuko palepale, ila kila mwako unamwonyesha kwa pembe mpya, na ubongo, ambao hapo unahangaika na mwendo wa treni, unampa Yeti sehemu ya mwendo wa abiria. Ndiyo maana mtu anayepanda mara ya kwanza, akiwa anapiga kelele na kuangalia mbele, huapa kwamba kaona mkono unashuka. Anayepanda mara ya pili, akakaza macho kwenye kiganja cha sanamu tangu treni inaingia pangoni, haoni kitu kinachosogea. Mdogo wako alifanya la pili bila kufundishwa.

Kivuli mlichokiona ukutani kabla ya hapo, treni iliporudi kinyumenyume gizani ikasimama, ni picha ya projekta. Hicho ni kifaa kingine kabisa na hakihusiani na ubovu wa sanamu.

Mlima mzima unatajwa kugharimu kama dola milioni 100. Kampuni tajiri namna hiyo inashindwaje kutengeneza mdoli mmoja? Au hawataki tu?
*Msomaji, Nairobi*

Swali hili limekuja mara nyingi kuliko mengine yote, na neno "mdoli" ndilo linalopotosha. Laiti kilichoharibika kingekuwa kwenye mdoli mwenyewe, angekuwa ameshapona. Jeki hubadilishwa, sili zinazozuia mafuta yasivuje hubadilishwa, mipira ya mafuta hubadilishwa, hata ngozi yake yenye manyoya imefungwa kwa zipu na vifungo ili ivuliwe. Kinachotajwa na wengi wanaofuatilia jambo hili ni kile kinachombeba: nguzo na msingi.

Joe Rohde, mbunifu mkuu wa bustani hiyo, aliyestaafu mwanzoni mwa mwaka 2021, alilieleza jambo hilo hadharani mwaka 2013. Alisema, kwa maana yake, kwamba ile ni mashine kubwa yenye mambo mengi iliyokaa juu ya mnara wa zaidi ya mita 12, ndani ya jengo ambalo limeshakamilika, na kwamba njia zilizokwisha kujaribiwa hazijafika kwenye kiini cha tatizo. Aliahidi pia kwamba atamtengeneza siku moja. Amestaafu, na Yeti kabaki na taa zake.

Sasa tupige hesabu ili maneno "mnara wa mita 12" yapate uzito. Chukulia tani 9 zinasogezwa mita moja na nusu kwa sekunde moja, nusu ya kwanza zikiongeza kasi na nusu ya pili zikifunga breki. Kuongeza kasi kwa umbali wa mita 0.75 ndani ya nusu sekunde kunahitaji mchapuko wa mita 6 kwa sekunde kwa sekunde. Zidisha kwa kilo 9,000 upate nyutoni 54,000, yaani kama tani tano na nusu. Ni sawa na kufunga kamba kwenye kilele cha nguzo ndefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu, kuivuta kwa tani tano na nusu, kisha nusu sekunde baadaye kuisukuma kwa tani hizohizo upande wa pili. Kitako cha nguzo kinapokea mzigo huo ukiwa umekuzwa na urefu wote wa mita 12.

Mara moja haina shida. Shida ni marudio. Treni ikipita kila sekunde 40 kwa saa 12, ni mara 1,080 kwa siku, karibu laki nne kwa mwaka. Chuma hakivunjiki kwa sababu kimezidiwa siku moja, kinachoka. Na hakichokei katikati ya boriti. Kinachokea ukingoni mwa weldingi, pale chuma kilichoyeyushwa kinapokutana na chuma kizima, kwa ufa usioonekana kwa macho. Kanuni ya mafundi wa miundo ni kali: kwa sehemu zilizochomelewa, mkazo ukizidi maradufu ya ulivyokadiriwa, umri haupungui kwa nusu, unabaki kama sehemu moja ya nane. Kosa la namna hiyo la makadirio linageuza miaka 20 kuwa miaka miwili na nusu. Boliti zinazoshika nguzo kwenye zege nazo zina habari yao. Zikilegea hata kidogo, nguzo inaanza kugonga badala ya kukaa, na zege halipendi kugongwa.

Jambo jingine wengi hawalijui. Mlima, njia ya treni na nguzo ya Yeti vilijengwa kama miundo mitatu inayopishana bila kubebana. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu mtetemo wa sanamu haukutakiwa ufike kwenye reli. Lakini maana yake ni kwamba nguzo ya Yeti haina jirani wa kuiegemea. Na kuongeza mihimili ya pembeni leo ni kutafuta nafasi mahali ambapo treni inapita.

Matengenezo yenyewe yangekwenda hivi, ukitaka kujua kwa nini si kazi ndogo. Kwanza treni zote zisimame. Sanamu livuliwe ngozi, mafuta yamwagwe, jeki zifunguliwe. Mwili wenye tani kadhaa ushikiliwe kwa namna fulani juu hewani, na kreni ya kawaida haiingii kwa sababu paa ni mlima. Sehemu za reli zinazozuia njia zikatwe. Ndipo kitako kifikiwe, kikaguliwe kwa mawimbi ya sauti au unga wa sumaku, chuma kichomelewe upya au zege livunjwe na kumwagwa tena. Zege hupewa siku 28 kabla ya kuhesabiwa kuwa limefikia nguvu yake. Baada ya hapo reli zirudishwe na zipimwe, na sanamu lipangiwe mwendo upya. Mwaka 2022 kivutio kilifungwa kuanzia Januari hadi Aprili kwa ukarabati, kikafunguliwa, na Yeti akawa amesimama vilevile. Miezi mitatu haikuwa ya kazi hiyo.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema ni uvivu, na hatukubaliani pia na wanaosema haiwezekani. Inawezekana. Ila mlima ulijengwa bila mlango wa kumtolea mgonjwa, na kosa hilo ni la siku ya ramani.

Kama kitu cha tani 9 kina ubovu juu ya vichwa vya watu, mbona wanaruhusu treni ipite chini yake?
*Msomaji, Kampala*

Kwa sababu kusimama ndiyo tiba yenyewe. Mzigo unaochosha chuma ni ule unaobadilika. Ukiondoa mwendo, nguzo inabeba uzito uliotulia, ambao ni kazi nyepesi kwake. Kuzima mwendo ni hatua ya usalama, wala si dalili kwamba usalama umesahauliwa.

Kuna jambo la jumla hapa linalofaa kueleweka. Kivutio cha aina hii kina akili mbili. Moja inaendesha treni: inahesabu treni ziko sehemu gani ya reli, inafunga breki, inageuza njia. Nyingine inaendesha maonyesho: taa, sauti, ukungu, masanamu. Ya kwanza ikipata shaka yoyote inasimamisha kila kitu, na wahandisi huweka vifaa viwiliviwili vinavyokaguana. Ya pili kwa kawaida haina mamlaka ya kusimamisha treni. Spika ikikatika, treni inaendelea.

Isipokuwa pale ambapo kifaa cha maonyesho kinaweza kuingia kwenye njia ya behewa. Mkono unaoshuka, mlango unaofunguka, mzinga unaosukumwa mbele: hivyo lazima viwe na sensa, yaani kifaa cha kuhisi, inayothibitisha kwamba vimerudi mahali pake kabla treni haijafika. Ndiyo sababu vifaa vinavyosogea karibu na abiria ndivyo vinavyozimwa mapema kuliko vingine. Sensa moja ikianza kusema uongo, hata mara moja kwa siku, treni nzima inasimama na watu wanashushwa kwa ngazi. Msimamizi wa zamu anachagua haraka: kizime, kifungwe kwa pini ya chuma, taa ielekezwe pengine, na foleni isonge.

Hali hiyo mashabiki wanaiita "modi B", na si jina la kejeli. Wabunifu wenyewe huandika tangu mwanzo kwamba modi A ni onyesho kamili, na modi B ni lile ambalo mgeni asiyejua hataona pengo. Modi B nzuri huhitaji kazi: pembe ya taa, sauti iliyorekodiwa tofauti, muda mwingine. Modi B ya Yeti ni taa tu.

Nitajuaje kama kifaa kimeharibika au kimezimwa kwa makusudi?
*Msomaji, Muscat*

Tazama taa kwanza. Kilichozimwa kwa makusudi huzimiwa na taa yake, au huwekewa pazia jeusi, au hubaki katika mkao unaoleta maana. Kilichoharibika ghafla hubaki kinamulikwa vizuri kabisa kikiwa na mkao wa ajabu: mkono nusu njia, kichwa kimeinama upande, mdomo umekwama wazi huku sauti inaendelea kuongea.

Kama sanamu linasogea lakini vibaya, aina ya ubaya inakuambia linaendeshwa na nini. Mwendo wa kurukaruka wenye mlio wa "pss" ni wa upepo: bomba linavuja au mgandamizo umeshuka. Mkono unaoshuka polepole wakati unatakiwa utulie ni haidroliki, sili ya ndani ya jeki imekwisha na mafuta yanapita upande wa pili. Aliyewahi kuona tipa likishuka lenyewe limeegeshwa anaijua hali hiyo. Mtetemo mdogo wa harakaharaka kama wa mtu mwenye homa mara nyingi ni wa mota ya umeme: sensa ya pembe inatoa namba zinazorukaruka, na kompyuta inahangaika kurekebisha kosa ambalo halipo. Midomo iliyochelewa sauti kwa sanamu zote za chumba kimoja si tatizo la sanamu hata moja. Ni saa ya mfumo wa maonyesho.

Doa jeusi linalong'aa kwenye nguo ya sanamu, chini ya kwapa au nyuma ya goti, ni mafuta. Likionekana, subiri wiki chache, sanamu hilo litaondoka kwa matengenezo.

Sisi wa pwani tunajua maji ya chumvi yanavyokula injini. Vile vivutio vyenye papa wa mashine majini wanavimudu vipi?
*Msomaji, Mombasa*

Kwa taabu, na mfano upo. Kivutio cha Jaws, kilichotokana na filamu ya papa muuaji, kilifunguliwa pamoja na Universal Studios Florida Juni 1990, na papa wakawa wanakwama kiasi kwamba kilifungwa mwaka huohuo, kikasanifiwa upya, kikarudi 1993. Baada ya hapo kilidumu hadi tarehe 2 Januari 2012. Ndugu yake wa Osaka, Japani, alianza mwaka 2001.

Chumvi si adui pekee, maana bwawa la Florida halikuwa la bahari. Uzito wa maji ndio adui wa kwanza. Maji ni mazito kuliko hewa kwa mara kama 800, na ukizidisha kasi maradufu, ukinzani unakuwa mara nne na nguvu ya mashine inayotakiwa mara nane. Mbunifu akisema "papa aje haraka kidogo", fundi anasikia "badilisha pampu yote". La pili ni metali mbili tofauti kugusana ndani ya maji: boliti ya chuma kisichoshika kutu kwenye bamba la chuma cha kawaida, bamba linaliwa kuzunguka boliti. Dawa yake mnaijua wenyeji wa bandarini, ni vipande vya zinki vinavyofungwa viliwe badala ya chombo. La tatu ni kwamba kila kinachosogea kinapita kwenye sili, na sili ya majini inavuja pande zote mbili. Maji yakiingia kwenye mafuta, mafuta yanakuwa meupe kama chai ya maziwa na valvu ndogo za kudhibiti mwendo zinakwama. Hapo papa anakuja juu lakini harudi chini, au kinyume chake.

Shikamooni wahariri. Tunaandaa tamthilia ya shule yenye mzuka unaotokea kwenye kioo, tuliiga ule ujanja wa nyumba ya mizuka ya Disneyland. Tumetumia kioo cha dirisha cha milimita 6. Mzuka unaonekana, lakini ni wawili, mmoja juu ya mwingine, na wazazi wa viti vya mbele wanajiona wenyewe. Tumekosea wapi?
*Mwalimu, Tanga*

Marahaba, mwalimu. Hamjakosea ujanja, mmekosea kioo, na kidogo taa.

Ujanja huo ni wa zamani kuliko bustani yoyote ya burudani. John Henry Pepper aliuonyesha London mwishoni mwa mwaka 1862 akiboresha wazo la Henry Dircks, na Haunted Mansion ya Disneyland, iliyofunguliwa Agosti 1969, inautumia kwenye ukumbi wake wa dansi. Kioo safi kimewekwa kati ya mtazamaji na jukwaa. Mtu anayeigiza mzuka amefichwa pembeni au chini, anamulikwa, na taswira yake inaakisiwa na kioo. Mtazamaji anaona jukwaa kupitia kioo na mzuka juu ya kioo kwa wakati mmoja.

Mizuka miwili inatokea kwa sababu kioo kina nyuso mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila moja inaakisi. Kikiwa kimelazwa nyuzi 45, kioo cha milimita 6 kinatenganisha taswira hizo kwa karibu milimita 4 na nusu. Cha milimita 3 kinazitenganisha kwa milimita 2 na kidogo, na mtu aliyekaa mita 6 nyuma hataona tofauti kirahisi. Kwa hiyo njia ya kwanza ni kupunguza unene. Lakini kioo chembamba kikubwa ni hatari shuleni, kwa hiyo msikitafute. Tumieni akriliki ya milimita 3 kwenye fremu ya mbao, na muweke mhimili mwembamba kila mita moja, maana akriliki hubinuka, na ikibinuka mzuka ananenepa katikati.

Njia ya bei ndogo zaidi ni nailoni angavu, ile isiyo na rangi. Ivuteni kwenye fremu, ibaneni kwa stepla kila sentimita 5 mkianzia katikati ya kila upande kwenda pembeni, kisha pitisheni mashine ya kukaushia nywele kwa umbali wa sentimita 20 hivi mpaka mikunjo iishe. Unene wake ni mdogo mno kutenganisha taswira. Ubaya wake ni kutikisika: mlango wa ukumbi ukifunguliwa, mzuka anacheza. Wengine wanapenda hivyo.

Kama kioo cha milimita 6 kimeshanunuliwa na hakirudishwi dukani, bandikeni tinti ya gari upande wa nyuma, ule usioelekea kwa mzuka. Chagueni inayopitisha nusu ya mwanga. Taswira ya pili inalazimika kuvuka tinti mara mbili, kwenda na kurudi, kwa hiyo inabaki na robo tu ya nguvu yake. Jukwaa la nyuma linapoteza nusu ya mwanga wake, mtaliongezea taa kidogo. Msichukue tinti inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, hiyo inaipa nguvu taswira ya pili.

Sasa taa. Kioo safi kinaakisi kama sehemu moja ya kumi tu ya mwanga unaokiangukia kwa pembe hiyo. Maana yake mzuka anatakiwa amulikwe karibu mara kumi zaidi ya jukwaa analotokea. Wengi wanafanya kinyume: wanaongeza taa za jukwaa ili lionekane, mzuka anafifia, wanaongeza tena. Anzeni na mzuka. Mpeni taa yote mliyonayo, nguo nyeupe au ya rangi nyepesi, na nyuma yake mtundike mahameli meusi. Khanga nyeusi haitoshi, inang'aa. Kisha washeni taa za jukwaa pole pole mpaka vitu viwili vipatane.

Pimeni umbali pia. Mzuka hutokea nyuma ya kioo kwa umbali uleule aliosimama mbele yake. Mkitaka akae kwenye kiti kilichopo mita 2 nyuma ya kioo, mwigizaji awe mita 2 kutoka kioo, kwa futi kamba, si kwa kukisia. Mkikosea kwa nusu mita, viti vya kushoto vitamwona amekaa na viti vya kulia vitamwona anaelea pembeni.

Wazazi wanajiona kwa sababu mwanga unawafikia, na kioo kimeelekea kwao. Zimeni taa za ukumbi zote, zibeni madirisha, na muinamishe kioo kidogo ili kiakisi dari badala ya nyuso. Dari ifunikwe kitambaa cheusi mbele ya jukwaa. Tangazeni simu zizimwe: flashi moja tu inakionyesha kioo chote na vidole vya aliyekifuta.

Na kifuteni siku ileile ya onyesho kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Vumbi likimulikwa na taa ya mzuka huonekana kama nyota.

Nina taa za disko za ukumbi wa harusi. Nataka kuzitumia kwenye chumba cha kutisha cha tamasha la watoto. Ziwake kasi gani?
*Msomaji, Bujumbura*

Zisizidi mara 4 kwa sekunde, na kama zipo zaidi ya moja ziwake kwa pamoja, maana taa mbili za mara 4 zinazopishana zinakuwa mara 8. Mwako wa kati ya mara 15 na 25 kwa sekunde ndio unaoamsha kifafa kirahisi zaidi kwa wenye maradhi hayo. Wekeni tangazo mlangoni kabla ya foleni, si ndani, na swichi ya kuzima iwe mkononi mwa mtu mzima aliyepo chumbani.

Mimi nasema wamtoe Yeti waweke skrini kubwa, mambo yaishe. Wahariri mnaonaje?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Tunakataa, kwa sababu za kiufundi kuliko za mapenzi. Treni ya pale inabeba watu 34 wamekaa wawiliwawili, ni ndefu, na inapita karibu sana. Skrini hutengenezewa jicho moja lililo mahali pamoja. Aliye mbele akimwona Yeti sawasawa, aliye nyuma atamwona amepindika, na wote watauona ukingo wa skrini kwa sababu wanapita kando yake.

Kurusha picha juu ya sanamu lenyewe kunafaa zaidi: mwili ubaki, uso upewe macho na meno yanayosogea kwa projekta. Lakini tukiulizwa tuchague, tungeacha mwili wote umesimama na kusogeza kiganja na kichwa tu kwa mota za umeme. Tuseme kilo 200 badala ya 9,000. Rudia hesabu ya pale juu kwa mchapuko uleule: nyutoni 1,200, uzito wa watu wazima wawili wasio wanene. Nguzo yenye kitako kigonjwa inaombwa hivyo badala ya tani tano na nusu, nyaya na mota zinapitishwa kwenye zipu zilizopo, na fundi anafanya kazi usiku bustani ikiwa imefungwa, bila kukata hata kipande cha reli.